Turubai

Mimi ndiye mwandika alama. Sipigi, sirushi.
Nakaa mezani ukingoni mwa uwanja, upande wa mibuni,
penseli mbili, wembe wa kuchongea, chai ya rangi,
na daftari nililonunua kwa pesa yangu Soko Kuu.
Mpira usiozaa kitu ni nukta. Nimechora nukta nyingi.
Iko pia safu tunayoiita ziada:
mikimbio inayohesabiwa na hakuna aliyeipiga.
Kila nikiijaza nawakumbuka viongozi.

Aprili tuliwashinda wale wa jezi za njano.
Elinami, nahodha, alipiga themanini na moja kwa gongo la kuazima.
Saningo akang'oa vijiti mara tatu ndani ya ova moja,
nikavunja ncha ya penseli kwa furaha.
Kwenye picha ya ushindi viongozi walikuwa saba;
Jitesh ameonekana kiwiko.
Posho? "Iko njiani," alisema Katibu.
Kutoka Dar mpaka Arusha ni mbali, sikatai.
Nadhani ile posho ilishuka Segera kula nyama choma,
basi likaiacha.

Ikaja safari ya nje. Barua ina muhuri, ina kumbukumbu namba:
wachezaji kumi na mmoja, viongozi tisa.
Hamdani, mlinda wiketi, akaulizwa kwa heshima
kama anaweza pia kuwa daktari.

Tulirudi na vipigo vinne. Ukabaki mchezo mmoja, hapa nyumbani,
wa kutuokoa tusishuke daraja.

Jumamosi, saa nane na robo.
Tunatafuta thelathini na mbili, wiketi saba mkononi,
Elinami anacheza kama mtu anayepepeta mchele, bila haraka.
Mlima Meru ukavaa kofia.
Tone la kwanza liliangukia ova ya thelathini na nane,
hapa, bado doa lipo.

Vijana walikimbilia stoo kufuata turubai.
Loishiye akafungua kufuli: kamba, ndoo,
kiota cha panya.
"Limeenda kikazi," alisema, akitazama viatu vyake.

Basi wakavua jezi, wakatandaza.
Wakaleta magunia ya kahawa, mifuko ya simenti.
Nikatoa kanga yangu.
Elinami alilala kifudifudi juu ya udongo
kama mtu anayemfunika mtoto,
na maji yakapita chini ya kifua chake,
mekundu, yakienda zake mtaroni.
Waamuzi wakaja na miavuli, wakabonyeza ardhi kwa kisigino,
wakatikisa vichwa.
Tukagawana alama. Nusu haikututosha.

Usiku nilikuwa na harusi Njiro, mtoto wa dada yangu anaoa.
Mvua inapiga, sisi tumekaa pakavu,
nikainua macho kushukuru:
turubai la buluu, na katikati yake kiraka
nilichokishona Julai kwa uzi wa kijani,
kipande cha kanga, maneno yamekatika:
NIMEVUMILIA VYA KU
Halikuvuja hata tone. Nashona vizuri.
Meza ya mbele, Katibu alikuwa anapangusa mdomo.
Mshereheshaji akamtambulisha: mdau mkubwa wa michezo,
ametupunguzia bei.
Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, mara mbili,
mikono ina mazoea yake.
Pilau lilikuwa zuri. Kazi yangu ni kuandika kilichotokea.

Jumatatu chama kikaomba taarifa: sababu za timu kushuka,
ukurasa mmoja, nakala tatu.
Niliandika: mvua.
Elinami alisimama nyuma yangu, bado anakohoa,
akasoma neno lile moja kwa muda mrefu.
"Mama Nanyaro," akasema, "mvua hatukuikodisha."
Kisha akaichukua penseli,
akaichonga kwa wembe polepole, maganda yakimwangukia mapajani,
akanirudishia.