Ukurasa wa Kumi na Mbili

Ibra, mwezi wa saba. Feni inakoroga joto.
Naandika maisha ya Sheikh Muhenna bin Khalfan
kwa wasomaji wa miaka tisa:
sentensi fupi, picha kubwa,
farasi angalau mmoja.

Ukurasa wa kwanza kazaliwa.
Wa nne kachimba falaji, mji umekunywa.
Wa tisa karudi kutoka Unguja na masanduku;
hapo nimeandika "utajiri"
nikapita kwa ncha za vidole,
kama penye mbwa aliyelala.

Mhariri wangu ni mjukuu wangu, Shinuna.
Anasoma kwa kidole, tende mdomoni,
Kiswahili chake kina kokoto za Kiarabu.
"Bibi, huyu aliyeshika kamba ya farasi,
yeye kazaliwa ukurasa gani?"

Mimi nilimwambia mchoraji amtie
ili farasi asikimbie.

Nikarudi kwenye daftari la nyumba ile,
wino umekuwa rangi ya chai:
tende, magunia mangapi;
ngamia, jina na umri;
halafu "Mabruki, wa shambani". Basi.
Ngamia ana umri. Mabruki hana.

Mchapishaji kapiga simu: kitabu cha watoto hiki,
usiwatie huzuni.
Lakini mtoto hakuuliza huzuni.
Aliuliza ukurasa.

Usiku nimemwongezea wake.
Alizaliwa wapi? Nimeandika: sijui.
Herufi tano. Shinuna kazisoma bila kukwama,
kisha akafunua nyuma, kwenye picha,
akaondoa kidole chake usoni pa yule mtu
amwone vizuri.