Friji ya Geum-rye

Jumanne alinigongea mlango: "Nipe woni elfu ishirini tu,
huko twendako hakuna kinachochacha."
Nikalipa mbiombio, asije akazinduka.

Gunsan nzima ilishajua:
Ijumaa, saa sita kamili za usiku,
kanisa la ghorofa ya tatu, juu ya duka la viatu,
litanyakuliwa lote, na zulia lake.

Tukafurika barabarani.
Zimamoto walitandika magodoro ya hewa,
wasije wengine wakajirusha kuwahi nafasi.
Muuza viazi vya kuchoma aliuza
hadi mkaa ukamwishia.

Saa sita.
Saa sita na dakika moja.
Mtu akapiga mluzi. Vijana wakahesabu kwa sauti
kama wa mpirani, na mimi, nisiseme uongo,
nilihesabu nao.

Saa nane wakashuka ngazi mmoja mmoja,
kanzu nyeupe, soksi bila viatu;
viatu walishavigawa.
"Vipi, mbinguni kumejaa?" mwanangu akapaza,
nami nikacheka, kabla sijamwona
aliyeshika kitasa cha mlango
kama anavyoshikwa mkono wa mgonjwa.

Asubuhi hakuja kuidai. Wala keshoye.
Siku ya tatu nikaikokota hadi kwake,
mtungi wa kimchi ndani, nimeusahau makusudi.
Akafungua. Tukaitazama.
"Inavuma usiku," nikasema, "sipati usingizi."
"Ndivyo ilivyo. Ipigwe teke chini, kushoto, hunyamaza."
Tukaipitisha kiubavu, yeye mbele,
mimi nikisukuma.