Safu ya Tatu

Mchana naandika bolti, mikanda ya feni, taa za nyuma,
hesabu za duka la vipuri la Bwana Sulayyim, hapa Ruwi.
Usiku daftari lilelile nalipindua kichwa chini
nikaanzia kurasa za mwisho:
jina, siku, saa, nani aligonga mlango,
nani alikutwa na kadi ya chama,
nani aliishona bendera ndani ya mto wa kulalia.

Safu mbili. Waliochukuliwa. Waliochukua.

Mashahidi hawapatani.
Bi Ghanima wa Mabela anaapa mumewe alitoka na kanzu;
shemejiye, kwa simu kutoka Sohar:
"Kanzu gani? Shuka na fulana!"
Nimeandika yote mawili.
Waliomchukua hawakuandika lolote.

Redio ya kwetu ingali inatangaza
hakuna aliyefungwa, wapinzani
walijiendea ng'ambo kutafuta riziki.
Riziki tunaipata, hilo kweli. Riali mia mbili na themanini,
na kiyoyozi kinachodondokea ndooni
usiku kucha, tone, tone,
kama karani mwenzangu.

Juzi baada ya isha akaja Mzee Mahfudhi.
Miaka tisa tunasimama bega kwa bega msikitini.
Akavua kofia, akaivika goti.
"Nasikia unaandika. Basi niandike.
Nilishika funguo miezi kumi na minne,
chumba cha saba mpaka cha kumi na moja.
Kaka yako alikuwa cha tisa."

Nikatafuta kalamu, nayo imo mkononi.

"Jumatano, kabla ya alfajiri. Kiu.
Ndoo ilikuwapo. Amri haikuwapo."

Miaka thelathini na moja nimeacha pengo pale penye siku.
Nikaandika: Jumatano.
Kisha nikalipeleka jina lake safu ya pili,
akaniwekea mkono juu ya karatasi.
"Mwaka uliofuata walinichukua na mimi."
Kucha tatu hazikuota tena.

Daftari la duka halijui mambo haya:
kilichoingia, kilichotoka, basi.
Nikachukua rula nikapiga mstari mwingine.
Kichwa cha safu hiyo sijakipata hadi leo.
Nikamwongeza kahawa. Hakuinywa.

Alfajiri imamu akageuka, kama kawaida yake:
sawazisheni safu, zibeni mapengo.
Mahfudhi alikuwa kulia kwangu.
Kati yetu nafasi ya mtu mmoja.
Nikasogea.
Sikumfikia.