Chupa ya Munya

Kilo kumi na mbili za majani zilitoa
kikombe kimoja cha kahawa, na hakikujaa.
Nilikesha maabara, Kusko, kando ya mtungi wa shaba,
nikihesabu matone kama mdai asiyemwamini mdeni wake.

Nondo wa viazi ni mdogo kuliko ukucha wa mtoto.
Ukimgusa, anabaki vumbi kidoleni.
Yeye mwenyewe hali kiazi. Hutaga, akaenda zake,
na mwanawe ndiye huingia kuchimba vichochoro gizani
mpaka nyumba inabaki kuta.
Kikulacho ki nguoni mwako,
na huku kwetu nguo ni ganda la kiazi.

Niliwatia kwenye chupa za kioo, ishirini ishirini.
Tone moja juu ya karatasi. Kifuniko. Saa ya ukutani.
Chai yangu haijapoa, wakawa chali.
"Andika," akasema Daktari Benavides, nikaandika.
Sikuandika kwamba mmoja alipapatika hadi jioni
na kwamba nilimsubiri.

Mwezi wa Juni, baada ya mavuno, nikapanda Waraqopata,
chupa mfukoni, imefungwa ndani ya soksi.
Mama yangu, Simeona Ccahuana, alikuwa ghalani, amepiga magoti,
anatandaza munya: safu ya viazi, safu ya matawi,
kama anayemtandikia mgonjwa.
Nikazibua.
Ghala zima likapiga chafya.
Kaka yangu Wilber akatoka nje, machozi yanamtiririka,
"Hiyo ni munya au ni ugomvi?"

Tukatenga magunia mawili.
Langu: kitambaa kilicholowa mafuta, kamba nyekundu.
Lake: majani, kamba ya manyoya ya lama.
Nikaandika tarehe kwenye ubao wa mlango,
nikamwachia chupa na yaliyobaki ndani yake,
nikarudi mjini kuhesabu wafu wengine.

Wiki ya tano Wilber akapiga simu,
kutoka juu ya jiwe lile, mahali pekee penye mtandao.
Upepo ulikula nusu ya maneno.
"Lako safi! Hata tundu moja!"
Nilinunua keki. Tukaila maabara, kwa vijiko vya kupimia.

Wiki ya kumi na moja nilikwenda mwenyewe.
Nikafungua kamba nyekundu, nikaingiza pua.
Kitambaa kilinukia kitambaa.
Viazi vilikuwa vyepesi mno kwa ukubwa wao,
na kwenye mlango wa kila tundu kimwagikie unga mweusi.
Mafuta yalishaondoka: wepesi ule ule
ulioingia katika pumzi za nondo
ndio uliopenya uzi wa gunia, ukatoka mlangoni
bila kuaga.

Gunia la mama nalo lilikuwa na matundu,
sitasema halikuwa nayo.
Katika viazi mia nilikuta tisa.
Nikahesabu tena, nikitamani viwe zaidi,
Mungu anisamehe.

"Majani yako yamedumuje?"
"Hayakudumu," akasema. "Yanakauka, yanaisha harufu.
Kila Jumamosi nilishuka korongoni nikakata mengine."
Hakunitazama. Alikuwa anachambua,
vizima huku, vya nguruwe kule,
na mikono yake haikukosea hata mara moja.

Daftari langu lina safu ya kipimo,
safu ya vifo, safu ya saa.
Nilitafuta pa kuiandika Jumamosi.
Nikageuza ukurasa, nikaurudisha.

"Na ile chupa, mama?"
Akapandisha sketi, zote tano, moja baada ya nyingine,
akanionyesha goti, limevimba, linang'aa.
"Imekwisha. Wiki tatu nzima
nilipiga magoti humu bila kusikia kitu."
Akashusha sketi. Akaokota kiazi, akakigonga kwa kidole,
akasikiliza.
"Utaleta nyingine lini?"