Sentimita Moja

Barua ya mkurugenzi ilikuwa fupi:
chumba cha chini kinatakiwa, nyangumi anakuja.
Mifupa yake ni tani mbili.
Mgeni njoo, mwenyeji ahame.

Skaidrite akachukua utepe wa fundi cherehani,
akapima migongo ya vitabu, si kurasa:
mita mia nne na kumi.
Rafu alizopewa ghorofani, tisini.

Basi tangu Novemba, Riga ikiwa gizani saa tisa alasiri,
taa ya skana inapita juu ya karatasi
kama mtu anayetafuta sindano.
Gvido anafunua, anangoja, anafunua.
Kilichonakiliwa kinashushwa, kinafungwa kamba,
lori linakipeleka ghala la nje ya mji.

Leo, ndani ya daftari la ndege wa Daugava,
wamekuta unyoya, na duara la kikombe cha chai.
Chai imenakilika vizuri, hata ukingo wake.
Unyoya umetoka kivuli.

"Huu tuuandikeje?"

Skaidrite anautia bahashani,
anaandika namba kwa penseli,
anazisukuma kamusi mbili kwa kiwiko.
Sentimita moja.
Nyangumi asubiri.