Tisini na Tisa

Alikuja Jumanne, umeme umekatika Tabora nzima,
Daktari Msabila, flashi mkononi
imezungushiwa mpira kama dawa ya mganga.
Akasoma bango langu la karatasi, "Huduma za Data za Utafiti",
akasema, "Kalunde, nihifadhie hii.
Miaka kumi na mmoja imo humu."

Umeme uliporudi nikaichomeka.
Faili arobaini na tatu:
"mwisho", "mwisho mpya", "mwisho kabisa",
"usiguse", na nyingine, "usiguse 2".
Mimi ni mkutubi; sikucheka.
Nimewahi kupokea tasnifu nzima inayoitwa "aaa".

Safu ya nne: M.
"M ni nini, Daktari?"
"Mizinga." Akasita. "Au mvua.
Hapana, mvua ni ile K. Ya kunyesha."
Akatazama dirishani, upande wa stesheni,
kana kwamba jibu lingeshuka na treni ya Mpanda.

Halafu nikaziona, kwenye kilo za asali:
tatu, saba, tano, tisini na tisa,
nne, tisini na tisa, tisini na tisa.
"Futa hizo," akasema. "Makosa ya kuandika.
Mzinga gani wa gome utoe kilo tisini na tisa?"

Kidole kilikuwa juu ya kitufe.
Sijui kilichonizuia; labda uvivu,
labda miaka yangu ya kusoma maandishi ya pembeni
kwenye vitabu vilivyorudishwa vimechelewa.
Nikauliza: nani aliandika?

Nyanzobe Ngasa, wa Ipole,
aliyelipwa kwa siku, akalala porini kwa miezi,
na jina lake halimo katika makala hata moja.
Mtandao ukakatika mara mbili.
Mara ya tatu akapokea, nyuma yake ungo unapepeta.

"Tisini na tisa? Hiyo nyegere."
"Nyegere?"
"Nyegere kapita. Mzinga uko chini, umepasuliwa,
nyuki wamehama. Sasa niandike sifuri?
Sifuri ni mzinga mzima usio na kitu.
Huu ulikuwa na kitu, mwenzenu kakila.
Nilimwambia daktari. Mwaka ule ule nilimwambia."

Msabila akavua miwani,
akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena.
Kumbe alikuwa amebeba mapito ya nyegere mia mbili na sita,
kila pito na tarehe yake, na mti wake,
na mwezi kama ulikuwa mchanga au mpevu,
na angeyafuta yote
kwa kidole changu.

Mali bila daftari, tunajua, huisha bila habari.
Na daftari bila mwenye mwandiko?

Siku nne tuliandika faili ya maelezo.
M ni mizinga. K ni mvua, msituulize.
Tisini na tisa ni nyegere. Sifuri ni sifuri.
Waliokusanya: Nyanzobe Ngasa, kisha wengine.
Nakala moja kwenye seva, moja Dodoma,
moja kabatini, na funguo zake wanazo watu wawili
wasiopendana.

Kuhusu kuiweka wazi, tuligombana.
Yeye: wafadhili wanataka kila kitu.
Nyanzobe, kwa simu: "Mkionyesha mizinga yangu ilipo
mtaniletea nyegere wa miguu miwili."
Basi tukakata tarakimu za mwisho za ramani.
Msitu unaonekana. Mti, hapana.
Msabila alinuna hadi Ijumaa.

Juzi mwanafunzi mmoja wa Kigoma ameipakua.
Ameandika swali moja tu:
"Hiyo nyegere, mna uhakika?"
Nikampigia Nyanzobe kuomba ruhusa ya kutoa namba yake.

"Mpe," akasema. "Lakini apige jioni.
Mchana niko mizingani."