Sekunde Thelathini

Tajiri aliniandikia: "Nataka jengo tupu.
Pasiwe na mtu, pasiwe na bodaboda,
pasiwe na korongo juu ya paa."
Nikamjibu, sawa.
Nikapanda Nakasero na miguu mitatu ya chuma begani
na miwili yangu iliyochoka.

Jengo lenyewe ni kioo kuanzia kiunoni kwenda juu.
Linakunywa mawingu ya alasiri, haliyamezi.
Upande wa magharibi limejikunja kidogo
kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni,
na hapo, nakiri, msanifu alijua kazi.
Nilizunguka mara nne kutafuta pembe
ambayo kuta hazinilalii ndani ya lenzi.
Wima ni kazi. Ukiinua kamera kidogo tu
mji mzima unaanguka chali.

Ng'ambo ya barabara liko la zamani, la zege,
vizuia-jua vyake kama kope,
rika moja na mama yangu.
Madirisha yake bado yanafunguka.
Ghorofa ya tatu mtu ameanika soksi.
Nilitamani kuligeuzia kamera.
Sikulipwa kwa ajili ya soksi.

Akaja Okwir, mlinzi, na rungu na swali.
Barua ninayo. Akaisoma mara mbili, akaikunja vizuri.
"Hii inasema upige jengo. Haisemi upige geti.
Geti ni la kampuni nyingine."
Nikasogea hatua sita kushoto.

Juu ya paa, korongo wawili
kama mawakili waliokosa kesi.
Tuliwasubiri, mimi na Okwir, saa nzima.
Mmoja alikunjua bawa, akatafakari, akalikunja.

Saa moja kasorobo anga likaanza kuiva
ile bluu ninayoilia njaa,
ya wino uliozimuliwa kwa maji.
Huku kwetu giza halibishi hodi:
una dakika kumi na tano, labda chache zaidi.
Taa zikawaka, moja, tatu, ghorofa kumi na moja,
nikaweka kidole,
umeme ukakatika.

"Jenereta itawaka," akasema Okwir.
Jenereta ikakohoa mara mbili
ikanyamaza kama mtu aliyekumbuka deni.

Sikutaka bluu iende bure.
Nikaifungua lenzi gizani, sekunde thelathini,
nikahesabu kwa midomo.
Nilipofika saba, chini kabisa ya ngazi,
nyuma ya kioo, kikatokea kimwanga.
Kikapanda. Kikapinda. Kikapanda.

Alikuwa Nalwoga wa usafi, nilikuja kuambiwa.
Lifti imekwama, simu ameing'ata kwa meno,
ndoo mkono huu, ufagio mkono ule,
anafuata viatu vyake alivyoviacha ghorofa ya tisa.

Pichani hayupo.
Kuna jengo jeusi, anga la bluu,
na uzi mmoja wa mwanga unaopanda kwa kona kona
hadi kati ya ghorofa ya pili na ya tatu,
halafu basi,
kama sentensi iliyokatizwa na mgeni.

Tajiri aliikuza kwenye kompyuta.
"Na huu mkwaruzo?"
Ni ngazi, nikasema.
"Ngazi haziwaki."
Kesho yake nikarudi, umeme ukawepo,
korongo wakahamia benki,
nikapiga ile aliyoitaka. Ilitoka nzuri, sisemi uongo.
Iko kwenye kalenda, mwezi wa Agosti.

Ile nyingine niliichapisha kwa hela yangu
nikampelekea Nalwoga pale getini.
Aliishika kwa ncha za vidole, mikono bado ina sabuni.
"Mimi niko wapi?"
Nikamwonyesha uzi.

Akaweka kidole chini, mwanzo wa mwanga,
akapanda nao, kona, kona tena,
akafika unapokatikia.
Hakusimama. Kidole kiliendelea kwenye weusi,
ya nne, ya tano, akizitaja kwa sauti ya chini,
hadi mahali pasipo na chochote pichani,
akagonga karatasi mara moja.

"Viatu vilikuwa hapa."